Barafu ya Shilingi Kumi

Asubuhi sindano yanitii.
Kofia ya bwana harusi wa Kuze imefika nusu,
kiua baada ya kiua, na uzi ni mmoja.
Adhuhuri nyuzi ni mbili.
Alasiri kope ya kushoto yashuka
kama mlango wa duka saa ya swala,
bila kuniuliza.

Mwanakombo, jirani wa ukuta mmoja,
akasema ni husuda: "Mato ya watu, mwanangu,
yameyala mato yako."
Nikafukizwa ubani, nikanyweshwa kombe;
zafarani ikagoma kooni, nusu ikarudi puani.
Mume wangu aliniita mvivu. Si kwa mdomo:
kwa kuinua ndoo mwenyewe, kwa kishindo.
Ningejiteteaje? Asubuhi ile
nilikuwa nimefua mashuka yote ya nyumba.

Nikapanda ngazi za Makadara
nikipumzika kila ya tatu.
Daktari Mkamburi hakuuliza waumwa wapi.
Aliuliza: "Saa ngapi?"
Akaniambia nitazame dari, nisipepese.
Nilipofika arubaini, dari ikazimika.
Basi akamtuma kijana kwa muuza ukwaju langoni
alete barafu ya shilingi kumi,
akaifunga ndani ya glavu, akanilaza nayo kopeni.
Dakika mbili. Maji yakachirizika hadi buibuini.
Akaiondoa —
na kope ilikuwa imepanda,
nami nikalia kwa jicho lililofunguka.

"Amri yatoka," alisema, "mshipa waifikisha
mlangoni mwa msuli. Lakini askari wako mwenyewe
wamevunja vitasa. Hodi yabishwa, haisikiki,
kisha mfagiaji aja kuifagia.
Baridi humchelewesha mfagiaji. Kidonge pia."
Nikamwambia, kikulacho ki nguoni mwako.
"Hiki," akasema, "ki damuni."
Nikauliza lini nitapona.
Akaandika dawa kwanza, ndipo akajibu:
"Hutulizwa."

Sasa simu hulia saa moja, saa tano, saa tisa,
na saa moja tena taa zikishawashwa.
Nusu saa kabla ya chakula, ili taya zinitosheleze mkate.
Kidonge cha pili, cha kuwatuliza askari,
kimenivimbisha mashavu; Mwanakombo ananong'ona mimba.

Ramadhani sikufunga.
Nilikula nyuma ya pazia kama mwizi
mpaka siku mume wangu alipoingia,
midomo imemkauka kwa saumu,
kanishikia gilasi na kidonge kiganjani.
Akakaa hadi nikameza.
Hatukusema kitu kuhusu ndoo.

Kofia niliimaliza kwa asubuhi tupu,
mwezi mzima baada ya harusi. Bwana yule
alioa kwa kofia ya kuazima. Hata hivyo aliichukua,
akaigeuza mkononi, akaivaa papo hapo.
Kuna kiua kimoja upande wa kushoto kimekwenda kombo,
cha alasiri ile, kabla sijajua.
Nilikiona.
Sikukifumua.