Kidole cha Shahada

Weka kidole, asema Peninah wa dawati la bima.
Shebwana anaweka.
Mashine inawaza, inawasha taa nyekundu.
Futa jasho, weka tena.
Anafuta kwa upindo wa kanzu, anaweka.
Nyekundu.

Daktari alitwambia mapema:
vidonge hivi vitachoma viganja na nyayo,
ngozi itabambuka, itaota nyingine, laini.
Hakutwambia itaota bila jina.

Miaka ishirini na miwili huyu
kasimama Kilindini na ubao wake wa karani
akihesabu makasha ya watu:
lililoingia, lililotoka, lililobonyea pembe.
Kila mwezi mshahara ukaja umemegwa,
naye akisema, "Waache wamege, Mwanamkuu,
hiyo ni siku yetu ya kuugua, tunainunua kidogo kidogo."
Hakuugua. Mafua tu, na jino moja.
Kadi akaitia kwenye pochi
nyuma ya picha ya marehemu mamake,
ikakaa humo mpaka ikaacha alama kwenye ngozi ya pochi.

Sasa utumbo una uvimbe
na kijitabu cha bima kina kurasa hamsini na sita.
Nimekisoma chote, mimi wa darasa la saba,
usiku, mlango wa jikoni wazi kwa joto la Machi,
nikifuata mistari kwa kijiti
kama nilivyofuata juzuu nikiwa chuoni.
Kikomo: si kikomo cha ugonjwa, ni chao.
Mchango wa mwanachama: mikufu yangu miwili,
iko kwa sonara, Mji wa Kale, kwenye mizani yake ndogo.
Haihusiki: ile picha ya kuingizwa ndani ya mtambo,
tuliyoilipia kwa kiwanja cha Mtwapa
ambacho hata msingi hatujachimba.
Idhini inasubiriwa:
yuko mtu Nairobi, kaenda kula,
akirudi ataamua.

Shemeji zangu wamefungua kundi la simu.
Rehema mia tano. Fundi Mbarak elfu mbili.
Jirani wa juu, in sha Allah mwisho wa mwezi.
Shebwana hakutaka kuliona,
kisha usiku mmoja nikamkuta na miwani,
anajumlisha.
"Wamekosea," akasema. "Mia tatu zimezidi.
Waambie warekebishe, wasije wakadhani tunaficha."

Jaribu gumba, asema Peninah.
Jaribu cha kati. Jaribu mkono wa kushoto, mzee wangu.
Nyuma yetu foleni inahemea shingoni,
mtoto wa mtu anakohoa.
Peninah ndiye aliyemletea maji siku ile alipotapika hapa,
anajua hata chai yake haitiwi sukari.
"Mimi namjua," asema, sauti chini,
"mfumo ndio haumjui."
Iletwe barua ya daktari
kwamba dawa imekula vidole vya mgonjwa.
Ipelekwe. Isomwe.
Siku saba za kazi.
Au mlipe taslimu leo, mtarudishiwa.

Taslimu.
Nikafungua mkoba, nikaufunga.

Magharibi alisali kwenye kiti cha plastiki,
uso kwenye ukuta wenye kalenda ya duka la rangi.
Nilikuwa nyuma yake, nimekwisha kutoa salamu.
Alipofika kwenye shahada akainua kile kidole,
chekundu, kinang'aa,
hakina mstari hata mmoja, kama cha kitoto kichanga.
Kilitetemeka kidogo. Akakishikilia.
Sikuona taa yoyote.

Usiku akauliza leo siku ya ngapi.
Ya tatu, nikamwambia.
"Si ya nne? Tulikwenda Jumatano."
Jumamosi haihesabiwi.
Akanyamaza. Feni ikazunguka, ikalalama.
"Na huu uvimbe," akasema,
"umeambiwa hilo?"
Akaanza kucheka, pole pole, ameshika tumbo,
nami nikacheka,
mpaka mtoto akagonga ukuta kutuuliza kuna nini.