Luku ya Pamoja

Saa niliyoiunda kwa chipu ya buku tatu
ilikuwa mwongo. Ikipata joto inachelewa,
ikipoa inakimbia; besi inabisha hodi
ngoma imeshaingia, imekaa, imekunywa maji.

Moduli zangu sita zinaishi kwenye boksi la mninga
alilonichongea Mbonde wa Keko kwa nusu bei
kwa kuwa ubao ulikuwa na kovu.
Kila moja ina kitundu kinachosubiri kuambiwa: sasa.
Hazijui kingine. Hazijui Jumatatu wala kodi.
Sasa. Kimya. Sasa.
Nami sikuwa na wa kulitamka neno hilo
bila kigugumizi.

Mpaka usiku ule, koridoni, hapa hapa Buguruni,
nikaiona luku yetu wapangaji saba,
taa yake nyekundu ikiukonyeza ukuta.
Nikabandika fotoseli juu yake kwa plasta ya kidonda,
nikapitisha waya chini ya mlango,
nikazidisha kila pigo mara nane.

Boksi likaamka:

Pasi ikiwa motoni, mapigo yanakimbia,
Friji la kule uani, linaguna, laingia,
Mwaija na jiko ndani, wali wake wachangia,
Nyumba yote ndiye fundi, mimi waya nashikia.

Hatua kumi na sita, hakuna iliyojikwaa.

Saa nane za usiku
(mshale unasema mbili, sisi tumezoea kuusoma kisogoni)
nikawasikia wakilala mmoja mmoja:
pasi kwanza, kisha redio, kisha feni ya Chogo
anayeogopa joto kuliko deni.
Wimbo ukanyooka kama mtu anayejinyoosha kitandani.
Noti moja. Nikaenda chooni, nikarudi.
Noti ya pili.

Halafu, alfajiri, katikati ya pasi za sare za shule,
tii. Uniti zimeisha.

Milango. Tochi za simu. Mwaija:
"Zamu ya nani?"
Nikasema yangu. Haikuwa yangu.

Nikasimama mbele ya luku, nikabonyeza
tarakimu ishirini, nne nne,
kila moja na mlio wake,
na Mwaija, kanga kifuani, akipiga miayo,
bila kujua akawa anagonga ukuta kwa pete
kwenye ya kwanza ya kila nne.