Swichi ya Safu ya Tatu

Saa nane usiku, Njiro. Chumba kina baridi
kuliko Olmotonyi mwezi wa saba.
Nimevaa koti la baba, la shambani.
Taa za kijani zinakonyeza kana kwamba hakuna kitu.

Kipo. Kiwanda kiliandika:
ukiupelekea mlango neno refu kupita kiasi,
mlango husahau kuuliza jina.
Miezi mitano tunalijua hilo.
Akyoo, meneja: "Tufunge hesabu kwanza."
Zikafungwa. "Basi ipite Pasaka."

Nenosiri lilikuwa lile lile la kiwandani.
Nililibadilisha kimya, kama mtu
anayemfunga mwenzake zipu kanisani.

Leo nabandika kiraka. Swichi inazimika.
Dakika nne. Feni kimya; nausikia mto Themi.
Mahali fulani picha ya mapafu imekwama nusu,
Sanawari mzazi anatuma ada, kiduara kinazunguka, kinazunguka.

Kisha taa. Moja. Nyingine.
Asubuhi Akyoo atauliza nani alikata mtandao.

Nafungua kumbukumbu za swichi kabla sijavua koti.
Jumanne, saa tisa kasoro dakika sita,
mtu alipiga hodi.
Mstari unaofuata umefutwa.