Jumatatu, Baada ya Mishumaa

Padri ameondoka na boti ya alfajiri;
ana visiwa vingine vya kuvitangazia.
Ametuachia nta sakafuni,
mshumaa mkubwa uliochomekwa punje tano za uvumba,
na mzee Eleuterio Nahuelquín, mwenye ufunguo,
anayefagia maua ya jana
huku akinung'unika kwamba paa linavuja palepale.

Huku kwetu Chiloé, kusini ya kusini,
Pasaka haiji na machipukizi.
Inakuja mitufaha ikipukutika,
siku zikinywea kama kamba iliyolowa,
viazi vimeshachimbwa, vimelala gizani ghalani.
Mhubiri mmoja kijana, mgeni kutoka kaskazini,
alituambia dunia nzima inachanua pamoja na Bwana wake.
Tulitazamana. Nje mvua ilikuwa inapiga vigae vya mbao.
Sisi aleluya tunaiimba tukielekea baridini,
kuni zikiwa bado mbichi.

Labda ndiyo maana hatukuwahi kuichanganya na majira ya mwaka.

Mimi Otilia, binti wa marehemu Desiderio Chiguay,
nina zamu ya usiku kiwandani.
Napasua samaki watakaoliwa na watu nisiowajua.
Saa tisa za usiku, vidole vimekufa ganzi,
nakumbuka kwamba yule aliyetoka kaburini
hakwenda kwanza kwa Pilato kumsuta.
Aliwasha makaa ufukoni, akachoma samaki,
akawaita waliomkimbia:
njoni mle, kumekucha.

Asubuhi, kabla sijalala, napita kwa Belarmino Barría.
Miaka ishirini na mitatu iliyopita
alisogeza uzio wake usiku, hatua nne,
ukaumeza mtufaha wa mama yangu.
Mama alikufa bila kuonja tena tufaha lake.
Sikumsamehe. Niseme kweli:
hata leo sijui kama nimemsamehe.
Alipopooza, wanawe walikuwa bara, simu haishiki,
na mtu alihitajika wa kumgeuza.

Ni mzito. Mzito kama deni.
Naingiza mkono mmoja chini ya bega, wa pili chini ya nyonga,
nahesabu moja, mbili,
na kila asubuhi linanijia lile swali
la wanawake waliotoka na manukato yao na hofu yao:
jiwe hili atalisukuma nani?
Malaika hayupo. Nipo mimi,
na godoro linalonuka mkojo,
na kidonda cha mgongoni ambacho wiki iliyopita kilikuwa chekundu
na leo kimefifia, kidogo.

Kidogo. Siombi zaidi ya hapo.

Nabadilisha mashuka. Nayakunja, hata yale machafu,
kwa sababu tumesimuliwa kuwa kile kitambaa cha kichwani
kilikutwa kimekunjwa, kimewekwa kando.
Ameshinda mauti, ana ulimwengu mzima wa kuushangaza,
na bado hakuondoka akiacha kitanda ovyo.
Basi mimi nani?

Leo Belarmino, ambaye nusu ya mdomo wake haifanyi kazi,
amenitazama muda mrefu, akatamka neno moja.
Nikadhani ni maji. Nikamletea maji.
Akatikisa kichwa. Akalirudia.
Matufaha, alisema. Matufaha.
Akageuza jicho dirishani, kule uzioni.

Sikujibu. Kilichonikaa kooni hakikuwa msamaha;
kilikuwa na mikwaruzo, kama gome.
Nimetoka, nimeokota yaliyoanguka,
mengine yameliwa nusu na ndege,
nimeyakata, nimeyachemsha kwenye jiko lake la kuni
na sukari kijiko kimoja,
nimemlisha polepole, upande ule unaomeza.
Moja nimelitia mfukoni. La mama.

Mvua haijakoma. Zamu inaanza saa nne usiku.
Kesho ni Jumanne,
na mashuka hayatakuwa yamekauka.