Gutu

Februari, Xochimilco, baridi ya mifereji.
Refugio Tenorio aliinamia beseni la bluu
akamwona aliyeng'atwa na nduguye:
mguu wa mbele umeishia kiwikoni,
na salamanda mwenyewe hana habari,
anatafuna mnyoo.

"Kufika asubuhi," aliniambia akifuta miwani kwa shati,
"ngozi ilikwisha kutambaa ikafunika tundu.
Haikufunga mlango, unaona?
Ilishusha pazia tu."

Nyuma ya pazia tishu zilizokomaa
zinavua utu uzima, zinarudi utotoni,
zinakuwa uvimbe mdogo kuliko dengu.
Ila hakianzi kitu
mpaka mshipa wa fahamu ufike ukinong'ona.
Ukate mshipa huo: kidonda kitapona vizuri sana,
kitapona, basi.
Gutu laini. Kimya.

Akinieleza hayo mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni,
ule ambao msumeno uliuachia vidole vitatu
mwaka wa harusi yake.
"Sisi tuna haraka ya kovu," alisema.
"Tunaogopa kuvuja."

Siku ya arobaini nilihesabu:
vidole vinne, vyembamba kama uzi,
kila kimoja mahali pake,
kwani gutu la kiwiko halichipuzi bega,
linakumbuka lilipoishia.

Refugio akautoa mkono mfukoni,
akautumbukiza majini kuokota makombo.
Mnyama akaja taratibu,
akavigusa vitatu,
akatafuta vingine.