Natuma Ngapi?

Tangazo la kwanza lilikuwa na picha:
bwawa la kuogelea, taulo zimekunjwa mfano wa bata,
na chini yake, kwa herufi nyekundu,
HOTELI YA KIFAHARI, MALINDI. NAFASI KUMI NA MBILI.
Mshahara elfu arubaini na tano. Uzoefu si lazima.
Chakula bure, malazi bure.
Leo ndiyo mwisho.

Leo ndiyo mwisho:
hapo moyo wangu ukavaa viatu
kabla ya kichwa kuamka.

Meneja Raymond alikuwa na adabu ya asali.
Aliniita dada, akaniita mpendwa,
akanitakia Jumapili njema siku ya Jumanne.
Elfu moja mia mbili, akasema, ya fomu.
Elfu mbili mia tano, ya sare.
Hata kipimo cha kiuno aliniuliza,
nami nikajipima kwa kamba ya chandarua.
Kisha mia nane, ya cheti cha afya.
Mama alitoa zile za chama,
zilizokuwa fundoni, kwenye pindo la leso.
Fundo la miezi mingi ukilifungua
kitambaa hakinyooki siku hiyo.

Jumatatu, saa mbili, barabara ya Casuarina.
Viatu vya Dama vinanibana.
Mlinzi alinitazama
kama mtu atazamavyo mvua aliyoizoea.
"Wewe wa sita," akasema. "Kaa kivulini kwanza, unywe maji."
Hoteli ilikuwepo. Bwawa lilikuwepo.
Raymond ndiye hakuwepo, wala hakuwahi kuwepo,
na simu yake ikaniambia, kwa sauti ya kike iliyopigwa pasi,
mteja hapatikani kwa sasa.
Mteja?
Mteja nilikuwa mimi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza,
kibaya chajitembeza.
Lakini kwenye kioo hiki cha simu, chenye ufa kuanzia pembeni,
vyote vinatembea, vyote vimejipaka wanja,
na kizuri, kikija,
huenda kikaja hakijachana nywele.

Ndivyo lilivyokuja la pili. Halina picha.
Natafta mtu wa kufuwa na kupiga pasi mashuka ya wageni.
Barani, mlango wa kijani, mkabala na muuza makaa.
Mia tano kwa siku. Njoo uone kazi kwanza.
Asiependa joto asije.
Nililipita mara tatu.
Lilikuwa na wiki mbili pale, na hakuna aliyelipenda.
Mara ya nne ndipo nikaona:
huyu ametaja mlango.
Huyu ametaja hata ubaya wa kazi yake.
Raymond hakuwahi kutaja jasho.

Nikapiga. Mama mmoja akapokea, nyuma yake mvuke unapumua.
Nikasema jina langu, Kadzo, wa Maweni,
halafu ulimi, uliokwisha fundishwa, ukatangulia:
"Natuma ngapi?"
Kimya. Ndoo ikawekwa chini.
"Utume nini?" akasema Bi Zuwena. "Tuma miguu."

Nikaituma, usiku usiku nisimwambie mama?
La. Saa nne asubuhi, na Dama kanisindikiza,
akasimama kwa muuza makaa akinihesabia dakika
mpaka nilipotoka na povu viwikoni.

Sasa ni mwaka. Mia tano imekuwa mia sita hamsini.
Leso ya mama ina fundo tena, dogo, kama punje ya kunde.
Na kwa kuwa mashuka yamezidi mikono,
jana Bi Zuwena alinipa simu niandike tangazo.
Nikaandika mlango. Nikaandika joto.
Kosa la *kufuwa* nililiacha makusudi,
lisije likapendeza sana.

Leo asubuhi kijana kapiga kutoka Marafa.
Kasalimia vizuri, kataja jina, Karisa,
kisha sauti yake ikashuka:
"Dada, natuma ngapi?"
Na nyuma yake nikamsikia mtu mzima,
polepole, kama anayetafuta kitu kwenye pindo la nguo,
akiuliza, "Wanataka kiasi gani?"

Nikaiweka pasi wima,
shuka lisiungue.