Kitanda cha Matufaa

Usilivute. Liinue tufaa kwa kiganja,
ulizungushe kidogo, kama kitasa cha mlango;
likikubali litakuja na kikonyo chake.
Likikataa, rudi Jumanne.

Hivyo alitufunza mama, na hivyo nachuma bado
kwenye miti minne ya Antonovka nyuma ya nyumba,
huku Võru, ambako Oktoba hunukia moshi na majani yaliyolala,
na vidole hufa ganzi kabla ndoo haijajaa.
Lililoanguka silihifadhi, hata likimeremeta.
Lina donda ndani, halijui kulisema.
Hilo ni la jemu. Hilo ni la kesho asubuhi.

Miaka thelathini niligawa barua kwa baiskeli,
najua kupanga vitu visigusane:
kila tufaa na ukurasa wake wa gazeti,
bei za kuni na matangazo ya vifo
yakiyazunguka mashavu ya manjano,
chini ya nyumba, nyuzi mbili tatu juu ya barafu,
sakafu ya udongo nikiinyunyizia maji.
Hapo tufaa husinzia tu, halifi.

Kisha akaja Endel, kaka yangu,
na begi moja, na mapafu mabovu,
na magunia sita ya viazi.
Na vitunguu. Mungu wangu, vitunguu,
vimesukwa mikia kama nywele za wasichana wa shule.
"Ghala ni ghala," akasema.
Nikachora mstari wa chaki sakafuni.
Akacheka hadi akakohoa.

Januari nikamenya la kwanza.
Zuri kulitazama, gumu, linalia chini ya jino,
lakini ulimini nikapata kitunguu,
na nyuma ya kitunguu, gunia,
na nyuma ya gunia, udongo.
Tufaa halina mlango: jirani akipita, ameingia.
Na viazi vya Endel vilikwisha chipua macho meupe gizani;
sijui ni kwa pumzi za matufaa yangu
au kwa ukaidi wa mwenyewe.
Tulikuwa tumeharibiana kimyakimya,
kama tulivyozoea tangu utotoni.

Kuna chumba kimoja nyumba hii kisichowashwa moto.
Cha mama. Miaka tisa hatukukifungua
ila kuua nondo.
Nilipanda na ndoo, safari kumi na nne,
nikayavua magazeti, nikayalaza kitandani pake,
juu ya godoro lenye bonde la ubavu wake,
safu kwa safu, upana wa kidole kati ya moja na jingine.
Yenye doa nikayaweka dirishani, yaliwe kwanza.
Huu ndio msiba wa mwenye kuhifadhi:
kila siku hula mabaya ili mazuri yabaki,
na zamu ya mazuri ikifika, nayo yameshapata doa.

Endel alisimama mlangoni, kofia mkononi.
Hakutaja vitunguu.
Kesho yake magunia yalikuwa kibandani,
yamefunikwa blanketi lake mwenyewe.

Sasa ni Machi. Theluji inaporomoka paani kwa vipande vizito.
Yamebaki kumi na moja.
Usiku namsikia akipanda ngazi,
akipumzika kila daraja la tatu,
akifungua mlango ule.
Hali. Nimehesabu.
Anakaa tu pembeni mwa kitanda, anavuta pumzi
kwa yale mapafu yake, ndefu kupita zote za mchana.

Jana nilimfuata na kisu.
Nikakata moja, vipande viwili.
Ukali ulikuwa umetulia, harufu ikatangulia,
ndipo ikaja Oktoba yenyewe, na ndoo, na ganzi ya vidole,
na mtu akitupigia kelele kutoka jikoni
kwamba tusivute, tuzungushe.

"Kumi," akasema Endel, mdomo umejaa.
"Kumi," nikamjibu.
Akapangusa kisu kwa mkono wa shati,
akalisogeza tufaa la pembeni kidogo,
lisiguse la mwenzake.